Nimelipia ranchi bila baba Rehema kujua, na mama hasemi anachotaka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, sasa naishi Aurora, jirani na Denver, katika jimbo la Colorado huku Marekani. Nina mume na watoto watatu: Rehema ana miaka 12, Hamisi 9, na Zuhura ametimiza mitano juzi tu. Tangu Januari mama yangu mzazi yuko hapa kututembelea na ataondoka mwanzoni mwa Julai. Nimefanya jambo kwa nia njema, na sasa sijui nianzie wapi kulisema.

Huku kuna ranchi za ng'ombe na farasi zinazopokea wageni. Mnakwenda familia nzima, mnapewa nyumba ya magogo, mnakula hapohapo kwenye meza ndefu pamoja na wageni wengine, na kila mtu anachaguliwa farasi mmoja wa kukaa naye mpaka siku ya kuondoka. Asubuhi mnapanda kwenda mlimani mkiongozwa na vijana wa pale, jioni mnaota moto. Simu hazishiki vizuri, na televisheni mara nyingi hakuna. Kwa Kiingereza zinaitwa dude ranch, maana wenyeji wa huko waliwaita "dude" watu wa mjini waliokuja na nguo zao nzuri bila kujua kushika hatamu. Mama alipoliona neno hilo kwenye karatasi niliyochapisha aliniuliza, "Dude gani tena hilo, mwanangu?" Si mambo mapya. Ndugu wa familia ya Eaton walianza kupokea wageni wa kulipa kule Dakota miaka ya 1880, wakahamia Wyoming mwaka 1904, na ranchi yao ipo mpaka leo.

Wazo lilianzia kwa Rehema. Shuleni waliambiwa kila mmoja aandike habari za mtu wa historia ya magharibi ya nchi hii, yeye akamchagua Bill Pickett, mtu mweusi wa Texas aliyezaliwa mwaka 1870. Huyu alikuwa anaruka kutoka juu ya farasi anayekimbia, anamshika maksai pembe na kumlaza chini. Rehema alipomaliza kusoma, mvulana mmoja akamwambia anadanganya, watu weusi hawakuwahi kuchunga ng'ombe. Alirudi nyumbani analia. Bibi yake alimsikiliza mpaka akamaliza, akasema, "Mimi nilianza kuchunga nikiwa mdogo kuliko Hamisi."

Shangazi, wanangu walimtazama kama wanamwona kwa mara ya kwanza. Kwao bibi alikuwa mtu wa kwenye simu, anayeuliza mmekula nini na mbona umekonda. Kesho yake nilitoka kazini asubuhi (nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee) nikawakuta jikoni. Mama alikuwa amechukua glavu yangu moja ya kazini, akaijaza maji, akaifunga kwenye bomba la sinki na kutoboa ncha za vidole kwa sindano. Anawafundisha kukamua. Hamisi alikuwa anavuta kwa nguvu, maji yanaruka mpaka kwenye jiko. Mama akamshika mkono: "Usivute. Bana juu kwanza, halafu shusha vidole kimoja kimoja. Ng'ombe akiumia atakunyima." Zuhura alikuwa ameshika sufuria kwa mikono miwili, kimya kabisa. Nilisimama mlangoni na koti langu, nikasema moyoni lazima niwapeleke watoto hawa na bibi yao mahali penye ng'ombe kabla hajaondoka.

Nikaanza kutafuta. Wiki nzima katikati ya kiangazi hatuiwezi, lakini nimepata ranchi moja ndogo huku Colorado ambayo mwanzoni mwa Juni, kabla msimu haujachanganya, inakubali wageni wa siku nne. Mtu mzima dola 1,250, mtoto dola 1,000, na Zuhura dola 500 kwa sababu walio chini ya miaka sita hawaruhusiwi kwenda mlimani; atazungushwa uwanjani farasi akiwa ameshikwa kamba. Jumla dola 6,250, mbali na kodi, na mbali na bakhshishi ya vijana wa pale ambayo huku ni kama lazima, asilimia 15 hivi. Wiki hiyo wanahamisha ng'ombe na ndama wao kwenda malisho ya juu, na wageni wanasaidia. Niliposoma hapo tu, nikaamua.

Nilipiga simu nikauliza habari ya chakula. Mpishi, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alisema vyetu atavipika kwenye vyombo visivyogusa nguruwe, samaki wapo, na nikija na nyama yangu ya halali kwenye barafu ataipika. Rehema atavaa kofia ngumu juu ya mtandio mwepesi, hilo tumeshalijaribu. Kuhusu mama, ranchi iko mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari na yeye ana presha. Daktari wake wa huku hakukataa, ila ametaka tumpime kila siku, anywe maji mengi na siku ya kwanza apumzike. Goti lake halimruhusu kupanda farasi, lakini lipo gari la kukokotwa na farasi linalofuata njia ya ng'ombe.

Mwezi uliopita nikalipa malipo ya awali, dola 1,875, fedha za zamu zangu za ziada. Baba Rehema sikumwambia. Nilitaka kwanza nimlainishe.

Nilipoligusia, hata mwisho sijafika, akakataa. Akasema, "Mama yako alichunga kwa sababu hakupelekwa shule. Leo unataka tulipe dola elfu sita arudi nyuma ya ng'ombe, Wazungu wakimwangalia?" Akasema fedha hizo ni zaidi ya milioni 15 za nyumbani, zinatosha kuezeka upya nyumba ya mama kule Kondoa na kumnunulia ng'ombe wake mwenyewe. Shangazi, sikuwa na jibu. Bati za nyumba ile kweli zimeoza, na mume wangu ndiye aliyelipia nauli ya mama kuja huku. Si bahili hata kidogo. Anaendesha lori, wiki mbili yuko barabarani, na kila anachopata anakileta nyumbani.

Ila kuna kitu nimekiona. Ranchi walituma fomu ya kujaza urefu na uzito wa kila mgeni ili wapange farasi. Kikomo chao ni ratili 250, yaani kilo 113 hivi. Niliiacha mezani, nikajaza ya kwangu na ya watoto. Jioni nikakuta baba Rehema amejaza urefu wake, na kwenye uzito ameandika tarakimu mbili akazifuta kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka. Miaka hii ya kukaa kwenye usukani amenenepa, yuko kilo 118. Nahisi kinachomuuma zaidi ni picha ya kuambiwa mbele ya mama mkwe wake kwamba farasi hambebi. Na nyumba yenyewe ina vyumba viwili na bafu moja. Kwetu mkwe na mama mkwe wana mipaka yao, wewe unajua. Hapa nyumbani mama anatumia bafu la chini, hawapishani. Hayo sikuyafikiria nilipokuwa nalipa, na ninajilaumu kwa hilo.

Mama naye ndiye ananitesa zaidi. Kila nikimuuliza ananijibu, "Mtakapokwenda nitakwenda." Nikimwuliza, lakini wewe unataka? "Mimi ni mgeni, mwanangu. Sikilizaneni na mwenzako." Juzi nilimwonyesha video ya ng'ombe wa pale wakishuka bondeni. Aliishika simu muda mrefu, akasema yule mwenye madoa anachechemea mguu wa nyuma, mbona hawamwangalii? Akarudisha simu na kuendelea kuchambua mchele. Sikujua nielewe nini. Anatamani kuwaona, au mume wangu ana haki, ninataka kumrudisha kwenye maisha aliyojitahidi mimi nisiyaishi?

Salio la dola 4,375 linatakiwa tarehe 4 Aprili. Nikiahirisha kabla ya hapo, malipo ya awali hayarudi ila yanahamishiwa mwaka kesho, na mwaka kesho mama hayupo hapa. Watoto hawajui kuwa nimelipa, lakini Hamisi ameshaanza kulala na jozi ya mabuti aliyonunuliwa kwenye duka la mitumba.

Naomba mnisaidie, wewe Shangazi na wasomaji wenzangu, hasa mlio huku ughaibuni na wazazi wenu. Habari ya fedha niliyolipa nimweleze vipi baba Rehema bila kumfanya aone nimemzunguka, na je, niligusie suala la uzito au niliache kabisa? Nimefikiri niombe wampangie yeye kazi ya kukaa na mama na Zuhura kwenye gari la farasi, lakini hapo tena nakutana na lile la mkwe na mama mkwe. Au twende mimi, mama na watoto peke yetu, yeye abaki, na salio lipungue? Kwetu kuondoka na watoto bila baba yao si jambo dogo. Na zaidi ya yote, mtu aliyefundishwa tangu utotoni asiseme anachotaka, anaulizwaje mpaka aseme?

Nimebakiwa na wiki tatu.

Mama Rehema,
Aurora, Colorado