Mshipi Usimshikie

Amu, kisiwani Lamu, Jumatano baada ya alasiri

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka kwa mama yako, ambaye amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika hilo kwanza. Sote tu wazima. Paka wako pia mzima, na wizi umemzidi.

Ujumbe wako nimeusoma kwenye simu, ila jawabu lake haliingii kwenye simu, au vidole vyangu ndivyo visivyoingia. Naandika karatasini, dada yako ataipiga picha akutumie. Umesema wewe na wenzako watatu wa chuoni mwataka kuja kujitolea kwenye siku yetu ya uvuvi, ile tunayokwenda baharini na watu wenye ulemavu. Mmefikiria tarehe 3 Desemba, na mmekwisha kuulizia bei ya fulana na bango. Nimefurahi, mama. Njooni. Fulana na bango viacheni huko huko Mombasa.

Na hiyo tarehe pia. Najua 3 Desemba ni siku ya watu wenye ulemavu duniani, tangu 1992, na kila mwaka wako wanaotaka jambo lifanywe siku hiyohiyo. Sisi twaangalia mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: yajaa mpaka ukutani, yapwa mpaka mashua zalala ubavu, na mkondo wa baina ya Amu na kisiwa cha Manda wavuta kama punda aliyeona kwao. Mshipi hautui chini, na mtu anayevua kwa mara ya kwanza huvutwa na mkondo akidhani ni samaki. Kwa hiyo twangojea maji mafu, mwezi ukiwa na siku saba au nane, ama ishirini na mbili au tatu. Siku hizo maji hujaa mida ya saa nne asubuhi, taratibu, na hiyo ndiyo saa tunayoitaka kwa sababu ya ngazi.

Wewe umezishuka ngazi za gati tangu utotoni, na kwa hivyo hujaziona. Maji yakipwa, vidato vya chini vina mwani wa kuteleza na chaza wa kukata nyayo. Mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu hapo amefika mwisho wa dunia. Maji yakiwa juu, ubavu wa mashua wakaribia kulingana na gati, twaweka ubao, wawili washika mashua isisogee, na mmoja amshika yeye, pale atakaposema mwenyewe ashikwe. Uliza kwanza. Yuko mmoja hataki kabisa kushikwa kwapani, asema huko ndiko hushikwa gunia. Apanda kwa mikono yake, achukua dakika tano, na sisi twasimama twaangalia Manda.

Kufika hapo gatini ni safari peke yake. Mji huu haukujengewa magurudumu ya aina yoyote. Mwaka jana mama mmoja wa mtaa wa Mkomani tulimleta kwa mkokoteni wa hamali, ametandikiwa godoro, na njia nzima akimwamrisha hamali kushoto, kulia, polepole we, mpaka hamali akauliza nani nahodha wa chombo hiki.

Hatutoki nje kupitia Shela. Pale mlangoni wimbi la bahari kuu laingia, na wengine hawajawahi kukaa chomboni. Twakwenda upande wa Manda, kando ya mikoko, ambako maji hutulia na changu, chaa na tafi hawakosekani. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Juni mpaka Agosti, hatwendi kabisa, hata mtu alie.

Ndoana zetu utaziona zimebanwa kijino kwa koleo mpaka kimelala. Samaki wengine hutoroka kwa ajili hiyo, na wavuvi wenzangu walinicheka sana, kama mtu anayenoa kisu upande wa mgongo. Kisha ndoana moja ikaniingia mimi mwenyewe kwenye kidole gumba, ikatoka kama sindano kwenye kitambaa, na vicheko vikapungua. Kila mashua ina chupa ya chai yenye maji moto, si ya chai. Miiba ya tafi ina sumu. Ikimchoma mtu, mkono hutiwa kwenye maji moto kadiri unavyoweza kuvumilia, na maumivu hupoa. Mwenye kifafa hukaa katikati, chini ya turubai, boya amevaa, na tunahakikisha amekunywa dawa yake. Asiyeweza kukunja vidole tumemfanyia kibao kinene kilichozungushwa kitambaa, na kwenye ubavu wa mashua tumechonga mfuo mshipi upite, aubane kwa mkono mzima. Kitu kimoja hakifanywi hata kwa kubembelezwa: mshipi haufungwi kwenye mwili wa mtu. Samaki mkubwa hajui kwamba mmecheza.

Hayo utayajua kwa siku moja. Lililo gumu ni jingine, na mimi sikulijua mpaka niliaibika.

Siku yetu ya kwanza nilikaa na kijana asiyeona, wa miaka ishirini na kitu. Nilimpa mshipi, nikamtilia chambo, nikamwambia ngoja. Nimevua miaka thelathini na tano, mwanangu. Mshipi ukitikisika mkono wangu hauniombi ruhusa. Basi ulipovutwa, nikaudaka juu ya mikono yake nikavuta. Kolekole, mzuri, kama kilo tatu hivi. Nikampigia makofi. "Hongera, umepata samaki!" Akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Huyo wako, mzee. Mpeleke nyumbani kwako." Akauweka mshipi chini, akakunja mikono. Hakuushika tena mpaka tukarudi gatini. Yule kolekole mama yako alimpika kwa nazi, akanishangaa kwa nini sili.

Mara ya pili nilimfuata nikamwomba radhi, akakubali kwa sharti kwamba nikae juu ya mikono yangu. Sikutania, niliikalia. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kazi hii ya mshipi haikuwa ya macho kamwe. Chini huoni kitu hata uwe na macho ya mwewe. Husomwa kwa kidole. Changu hudonoa mara mbili tatu, kisha huondoka nacho. Tewa habishi hodi: humeza na kurudi mwambani, na usipowahi mshipi umekatika. Kikande ni mwizi, hutamjua ila umevuta ndoana tupu. Nilimweleza hayo mara moja tu. Saa nzima hakupata kitu, nami nilikuwa naona mshipi unachezwa, ulimi unaniwasha. Kisha akasema, "Kikande, ameiba." Akavuta, ndoana tupu. Akatia chambo mwenyewe, akajichoma, akatukana, akashusha. Jua limepanda, wenzetu wataka kurudi, ndipo akapata chaa mmoja wa kiganja. Alimshika mkia na kichwa, akampima urefu kwa vidole. Hakusema neno.

Usije ukidhani kila safari ni hivyo. Iko tuliyorudi baada ya dakika kumi kwa sababu mtoto mwenye usonji hakuivumilia sauti ya mashine, na haki yake. Siku nyingine tulizima mashine tukatweka tanga, akatulia. Yuko mzee aliyepoteza mguu, hodari kuliko sote, lakini mwenziwe akipata samaki yeye humtukania ukoo. Na yuko dada mmoja ambaye hataki kuvua. Amekuja mara sita. Hutia mkono majini tangu tunapotoka hadi tunaporudi, basi. Mmoja wa wanaojitolea alijaribu kumpa mshipi kila safari, mpaka nikamwita kando.

Na kijana wetu wa Mkomani, yule ambaye maneno humtoka kwa shida, alipata chaa watatu siku moja. Tukamfungia mtungo. Nilimsindikiza kwa nyuma kidogo, mama yake akitungoja mlangoni. Alimpita mama yake. Aliushika Usita wa Mui wote, ile njia kuu ya mji, mtungo mbele kama taa, akawasimamia watu kwenye maduka mpaka wauulize bei, akakataa kuuza, akafika hadi mtaa wa Langoni, ndipo akageuka kurudi. Samaki walikuwa wameanza kunuka. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Umeniuliza kwa nini mimi, nisiyependa mikutano wala vikundi, naamka alfajiri kwa jambo hili. Nilitaka kukujibu kwa mzaha. Lakini ami yako hukumuwahi, na katika nyumba yetu hatumsemi sana.

Polio ilimpata akiwa na miaka minne, miguu yote. Alikaa ndani, na jua likipungua huletwa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Nyavu zangu alizishona yeye. Ndoana zangu alizifunga yeye, na fundo lake halikupata kufunguka, hata leo ninalo moja kwenye kikebe. Nikirudi na samaki huwatazama akaniambia nilikowavua: huyu wa mwambani, huyu wa mchangani, huyu umenunua usinidanganye. Na kila siku, kila siku, huniuliza, "Leo maji yana rangi gani?" Nami nimechoka, nina njaa, humjibu, "Ya maji."

Hakuomba kupelekwa. Au labda kule kuuliza ndiko kulikuwa kuomba. Marehemu babu yako alisema hakuna wa kumbeba mpaka pwani, na kwamba watu watamcheka, na sisi tukaita hiyo ni huruma. Kutoka daka letu mpaka gatini, nimezihesabu hatua baadaye, hazifiki mia tatu. Karani wa sensa alipopita kwetu zamani hizo, aliuliza nyumbani wako wangapi, na hesabu aliyopewa ilikuwa na upungufu wa mtu mmoja, aliyekuwa chumba cha pili anasikia. Wakisoma kwamba sensa ya 2019 ilipata watu wenye ulemavu asilimia 2.2 tu ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi, wengine hushukuru. Mimi humkumbuka yule karani.

Siku aliyofariki, wanaume walijaa usita mzima. Jeneza halikukaa bega moja hata hatua kumi, kila mtu ataka thawabu, wanasukumana wambebe.

Nimeiacha kalamu kidogo, mama yako amenipa chai.

Maneno sasa. Wenzako wa chuo watakuja na maneno yao, na wetu hapa wana yao. Mwalimu mmoja tunayekwenda naye alituchekesha: asema Waswahili tuliwatia watu hawa kundi moja na kiti na kikombe, tukasema kipofu, kiziwi, kilema, kiwete. Kisha akasema Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha, kwa hiyo anayesema "lile zezeta" havunji adabu peke yake. Chomboni tumerahisisha: kila mtu ana jina, liulize, litumie. Kwa wasiosikia, jifunze japo ishara kumi kabla ya kuja. Utaona zafaa kuliko kelele; mashine ikiwaka na upepo ukivuma, wao wawili omoni, kule mbele, wazungumza raha mustarehe na sisi tezini, huku nyuma, twaulizana "nini?"

Picha. Palikuja kundi, nisilitaje, likampa mtoto samaki ambaye hakumvua, akapigwa picha, kisha samaki akachukuliwa akapewa mwingine apigwe naye. Samaki mmoja, watoto wanne. Mtoto wa mwisho alikuwa ananiangalia mimi. Simu zenu zikae mkobani. Mtu akitaka picha na samaki wake atasema, na wako wapenda picha kuliko nyinyi, hutawaweza.

Nimehesabu: siku ya saba ya mwandamo yaangukia Jumamosi, na nahodha wa mashua ya pili yuko tayari. Njooni Alhamisi, msisubiri basi la Ijumaa. Likichelewa kufika Mokowe mtakuta boti zimekwisha, na mimi sitawangoja, maji hayangoji. Ukipita madukani ninunulie ndoana nambari 10, pakiti mbili, na kitambaa kizito cha kuzungushia vibao. Wenzako walete kofia na wale kitu asubuhi, hata wakisema hawana njaa.

Wewe nimekupanga na yule kijana wa kolekole. Nilimwambia kwamba ni binti yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama na wewe mikono yako haiombi ruhusa.

Nimemwambia ataona mwenyewe.

Baba yako