Tundu la sikio likizibwa, usikivu nao upimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wazazi wengi wa watoto wenye maradhi ya masikio hawaelezwi mapema, nalo ni kwamba kuziba tundu la kiwambo cha sikio ni jambo moja na kurudisha usikivu ni jingine, na la kwanza likifanikiwa si lazima la pili lifuate.

Binti yangu, ambaye sasa ana miaka 14, alikuwa akitokwa usaha katika sikio la kushoto tangu akiwa na miaka mitano. Miaka mitatu iliyopita alifanyiwa upasuaji katika hospitali ambayo sitaitaja. Tundu likazibwa kwa kipande cha utando kilichotolewa juu ya msuli wa ubavuni mwa kichwa, usaha ukakoma, nasi tukaruhusiwa kurudi nyumbani tukiambiwa kuwa sikio limepona. Tulishukuru, na hadi leo nashukuru, kwa kuwa mtoto aliyezoea kukaa na pamba sikioni aliondokewa na aibu kubwa mbele ya wenzake. Hata hivyo, mezani aliendelea kunigeuzia sikio la kulia kila nilipomsemesha, na mwalimu wake alilalamika kwamba akiitwa kutoka upande wa kushoto haitiki.

Mwaka mmoja baadaye, daktari mwingine alichukua chuma chenye ncha mbili mfano wa uma, akakigonga kwenye kiwiko chake, akakisimamisha kikivuma katikati ya paji la uso la mtoto, kisha akamwuliza sauti anaisikia upande gani. Binti yangu akagusa sikio la kushoto, lile lile bovu, nami nikadhani amekosea. Daktari akanieleza kuwa hakukosea: hiyo ni dalili kwamba sikio la ndani ni zima, ila sauti itokayo hewani inakwama njiani. Kipimo cha usikivu kilithibitisha maneno yake, kwani kwenye karatasi alama za msalaba za buluu, zinazoonyesha jinsi sikio la kushoto linavyosikia kwa njia ya hewa, zilikuwa desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya zile za kusikia kwa njia ya mfupa, yaani mtetemo unapopita kwenye fuvu moja kwa moja hadi sikio la ndani. Mwanya huo ndio ambao upasuaji wa kurudisha usikivu hukusudia kuupunguza, na hakuna aliyekuwa ameupima tangu bandeji zilipotolewa.

Sauti husafirishwa kutoka kwenye kiwambo na mnyororo wa mifupa midogo mitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, na usaha wa miaka mingi mara nyingi huanza kula ncha nyembamba ya fuawe inayogusana na kikuku, kwa hiyo kiwambo kinaweza kuwa kizima kabisa huku mnyororo ulio nyuma yake umekatika. Ndivyo ilivyokuwa kwa binti yangu. Katika upasuaji wa pili, fuawe ilichongwa upya na kupachikwa ili iunganishe tena mnyororo huo, na alipopimwa baada ya mwaka mwanya ulikuwa umebaki desibeli 15. Wataalamu wengi huhesabu kuwa ni mafanikio ukiwa desibeli 20 au pungufu. Najua si kila mtoto atapata matokeo hayo, kwani mengi hutegemea kama kikuku kimesalimika na kama mrija unaotoka sikio la kati kwenda nyuma ya pua unapitisha hewa vizuri.

Ninachoomba ni kwamba mzazi, kabla ya kutia saini, aelezwe waziwazi kama upasuaji unalenga kukausha sikio, kurudisha usikivu, au yote mawili. Kwamba mtoto apimwe usikivu kabla ya upasuaji, miezi michache baadaye na tena baada ya mwaka, kwa kuwa mfupa uliopachikwa huweza kusogea. Na kwamba karatasi ya vipimo akabidhiwe mzazi mkononi. Pale ambapo usikivu hauwezi kurudi, familia iambiwe mapema habari za kifaa cha kusaidia kusikia, badala ya mtoto kupoteza miaka darasani akidhaniwa mzito wa kuelewa.

Kwako Mhariri, nina ombi pia. Waandishi wako wanaporipoti kambi za upasuaji wa masikio, hutuambia ni watu wangapi waliopasuliwa. Nawaomba warudi baada ya mwaka na kuuliza ni wangapi kati yao wanaosikia vizuri zaidi, na kwa desibeli ngapi.

Mama mzazi,
Tanga