Wasifu wa marehemu usiishie mfukoni

Mhariri,

Kila Desemba inapokaribia, vijana wa ukoo wetu walioko Dar na ng'ambo hunitumia kwenye simu mchoro wa mti wa ukoo wakitaka nijaze tarehe. "Shangazi, babu mkubwa alizaliwa lini?" Nikiwajibu kwamba alizaliwa mwaka aliponyongwa Mangi Meli, yaani chifu wetu Wachagga wa hapa, wananiambia hawataki hadithi. Basi wasome historia ya kwao: Wajerumani walimnyonga Meli hapa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900.

Ndivyo wazee walivyohesabu umri. Bibi akisema alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi reli ya Tanga ilipofika Moshi, anazungumzia 1911. "Mwingereza alipoingia" ni 1916. Asiyejua mambo hayo atashinda na bibi yake mchana kutwa na kuondoka mikono mitupu.

Linalowapoteza wengi zaidi ni jina la Moshi. Barua ya mwaka 1905 ikisema mtu ni wa Moshi, usihangaike mjini. Moshi ya wakati huo ilikuwa huku juu, penye boma la Mjerumani na misheni ya Kidia. Mji wa tambarare ulikuja na reli ukabeba jina, sisi tukabaki kuitwa Old Moshi. Pia ujue babu alikuwa chini ya mangi gani, maana misheni ziligawana mlima wa Kilimanjaro: Wakatoliki walianzia Kilema na Kibosho miaka ya mwanzo ya 1890, Walutheri wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani wakaanzia Machame mwaka 1893, ndipo wakaja kwetu. Ukikosea hapo utafungua kitabu cha ubatizo kisicho chako.

Mimi nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa mpaka nilipostaafu. Madaftari yetu ya zamani yalikuwa na jina la mkulima, la baba yake, kitongoji na kilo alizoleta. Ukipekua unaona mahali jina la mzee limekatwa kwa wino mwekundu na la kitinda mimba limeandikwa juu yake, kwa kuwa ndiye aliyeachiwa kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani. Hapo umepata takriban mwaka wa kifo na mrithi bila kumuuliza mtu. Ila wanawake humo hawamo, labda mjane mmojammoja. Akina mama watafutwe kwenye ubatizo, na msiruke majina ya wasimamizi wa ubatizo. Mara nyingine msimamizi ni mjomba, naye anakuonyesha ukoo wa mama.

Hata maabara haifanyi kazi bila historia ya mahali. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimewatambua ndugu walio hai wa mafuvu matatu yaliyochukuliwa Kilimanjaro enzi za Mjerumani. Moja lilikuwa limeandikwa "Akida", na Akida alikuwa mshauri wa Meli. Wangempima nani, kama huku hakuna familia iliyokuwa bado inamtaja?

Ombi langu nalielekeza kwa makatibu wa sharika na parokia, na kwa wenyeviti wa koo. Wasifu wa marehemu unaosomwa kila msiba una wazazi, ndoa, watoto, shule, na mahali mtu alikohamia. Ukishasomwa, karatasi inakunjwa, inaingia mfukoni mwa msomaji, wiki ijayo inafuliwa pamoja na suruali. Ibaki nakala moja kwenye faili ya ofisi, na pale paliposemwa "wakati wa Mangi fulani" mtu aongeze mwaka kwa kalamu. Na vitabu vya zamani vipigwe picha kabla ya masika, hata kwa simu. Nimewahi kufungua daftari moja la wanachama, la alfabeti, nikakuta mchwa wamekula herufi M yote. Kwa Uchagani hiyo ni hasara kubwa: akina Massawe, Mosha, Minja, Mrema na Mushi wote wamekwenda.

Karani mstaafu,
Old Moshi