Kocha, usibwage manyanga kwanza

Kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Dar. Sisi wazima, watoto wazima, joto unalijua mwenyewe. Shemeji yako anakusalimu na anauliza sufuria lake lile kubwa litarudi lini, maana Kipaimara cha mtoto kimekaribia. Hayo tuyaache hapo, nina jambo.

Kidevu amenipigia. Anasema unataka kuwaachia timu yao ya kikapu. Sikumwamini, kwa sababu Kidevu ni Kidevu, lakini nikarudi kuusikiliza tena ule ujumbe wako wa sauti, pale mwishoni unapocheka kicheko kisichokuwa na furaha na kusema, "Mfumo ule ni wa watu wenye Curry, sisi tuna Jembe." Yaani mfumo wa pasi wa Golden State, timu ya Stephen Curry kule NBA, hauwafai vijana wako na Jembe wenu. Nimekaa na hilo neno siku nzima. Ningeweza kukujibu kwa sauti, lakini ujumbe wa nusu saa hata wewe usingeusikiliza, ungenibonyeza niende kasi niongee kama katuni. Kwa hiyo nakuandikia, na utanivumilia.

Kwanza hilo la Curry. Watu wanaisimulia Golden State kana kwamba kocha Steve Kerr aliokota timu jalalani. Si kweli, na wewe unajua, tulikuwa wote kwa Mzee Rashidi saa kumi alfajiri, tukimnunulia chai asituzimie runinga. Kocha wa kabla yake, Mark Jackson, aliwaacha na ushindi 51 na vipigo 31 msimu wa 2013/14. Wakatolewa na Clippers kwenye mechi ya saba ya raundi ya kwanza, naye akafukuzwa. Na wachezaji walikuwa wanampenda! Curry alisema hadharani kwamba anamtaka abaki. Kerr akaingia kwenye chumba cha watu ambao hawakuwa wameomba kocha mpya, na hakuwa amewahi kufundisha timu yoyote maishani mwake. Alikuwa ametoka kwenye kiti cha mchambuzi wa televisheni. Wewe angalau ulishafundisha wale mabinti wa Nyegezi.

Sasa niambie, hiyo si hali yako? Umerithi timu inayoshinda kiasi, yenye kocha aliyeondoka akiwa bado anapendwa, na kila ukisema jambo kuna mtu anaguna, "Mwalimu alikuwa hafanyi hivi." Ningekuwa mimi ningechukia zaidi yako.

Lakini tazama ugonjwa ulikuwa wapi. Walikuwa na Curry, Klay Thompson, Iguodala, David Lee, na Andrew Bogut, senta, yule mrefu wa chini ya goli, anayeona pasi ambazo magadi wengi, wale waongoza mpira, hawazioni. Halafu katika timu 30 za ligi, hao ndio walikuwa wa mwisho kwa idadi ya pasi kwa mechi, kama 247 hivi. Wa mwisho kabisa! Mpira unafika upande mmoja, mtu anampa mgongo mlinzi wake, anadunda, anadunda tena, wenzake wanne wamesimama wakimtazama, saa inaisha. Ulinzi wao ulikuwa miongoni mwa bora, hilo Jackson apewe haki yake na wala watu hawampi. Ila kwa ufanisi wa kushambulia walikuwa wa 12. Curry yule yule, kaka. Unaye Curry na uko wa 12.

Ndiyo maana nasema hoja yako ina tundu. Curry alikuwepo kabla ya mfumo.

(Na usinikumbushe draft ya 2009, ile siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya. Sisi Wabongo tulishangilia Hasheem Thabeet kuwa chaguo la pili, Memphis, kijana wetu wa Dar, nikakesha. Curry akaja kuitwa wa saba. Mzee Rashidi mpaka leo hataki mazungumzo hayo kibandani kwake.)

Kerr aliwapa namba: pasi 300 kila mechi. Rahisi kuikumbuka, rahisi kuihesabu, hata mchezaji mvivu anaielewa. Na walivuka. Lakini pasi peke yake si kitu, wale vijana wako nao wanaweza kupasiana pale juu mpaka magharibi. Kilichonisisimua ni mpira ulikokuwa unapelekwa. Unampa Bogut pale kwenye kiwiko, ile kona ya mstari wa mitupo huru. Aliyempa hasimami kusubiri sifa, anakimbia kumwekea mwenzake skrini, yaani kumzibia njia mlinzi wake, au anajifanya anaweka halafu anakata kuelekea golini. Magadi wawili wanapishana karibu kugusana. Walinzi wao inabidi waamue kwa kufumba na kufumbua: tubadilishane au kila mtu afuate wake? Wakichelewa kidogo, Klay yuko peke yake nyuma ya mstari wa pointi tatu. Wakimkimbilia Klay wote wawili, kuna mtu chini ya goli anaweka kikapu bila mtu mbele yake. Hilo ni zao la pembetatu, ule mfumo wa Chicago, Kerr alilibeba kutoka kwa Phil Jackson, kocha wake wa huko. Kasi aliitoa Phoenix, akamchukua na Alvin Gentry aliyewahi kufanya kazi huko chini ya kocha D'Antoni. Ile tabia ya kuacha mtupo mzuri ili upatikane mzuri zaidi aliiona San Antonio kwa kocha Popovich alipokuwa mchezaji. Hakubeba mfumo wa mtu mmoja mzimamzima, alichagua.

Na ukitaka ushahidi wa Jembe wako, mwonyeshe hizi. Msimu wa mwisho wa Mark Jackson, Curry alikuwa na wastani wa pointi 24.0 na asisti, pasi za kufungisha, 8.5. Msimu wa kwanza wa Kerr, pointi 23.8 na asisti 7.7, dakika zikashuka kutoka zaidi ya 36 hadi chini ya 33. Kila kitu kimeshuka! Halafu msimu huohuo akachukua MVP, tuzo ya mchezaji bora, akavunja rekodi yake mwenyewe ya mitupo ya pointi tatu kwa kutia 286, na timu ikaenda 67-15. Ushindi 16 zaidi, kwa mtu aliyeshika mpira muda mfupi zaidi. Walinzi walikuwa wamezoea kumsubiri na mpira mkononi, sasa ikabidi wamkimbize hata akiwa hana. Jembe anadhani kutoa mpira ni kutoka mchezoni. Hajawahi kuambiwa kwamba akishautoa ndipo kazi yake inapoanza.

Nilikuwa nataka kukuandikia na habari za Draymond Green, fowadi wao, lakini nitaenda mbali. Kwa kifupi: wawili wakimrukia Curry, Draymond anapokea katikati, yeye na wenzake ni wanne dhidi ya watatu, basi. Kama unaye fowadi asiyeogopa mpira pale katikati, una kitu. Yule mrefu wa Igoma vipi? Bado anatembea na mpira?

Nirudi kwenye neno lako, maana lina upande wa pili na sitaki kukudanganya. Mwaka uleule wa 2014 Phil Jackson mwenyewe, mwenye pembetatu, alikuwa anaongoza timu ya New York. Alimtaka Kerr awe kocha, Kerr akakataa akaenda Golden State. New York wakampa Derek Fisher, naye hakuwa amewahi kufundisha, wakabeba pembetatu kama ilivyo. Walikuwa wametoka kushinda 37, wakashinda 17 na kufungwa 65. Carmelo Anthony alicheza mechi 40 tu kabla ya goti kumtoa. J. R. Smith na Iman Shumpert wakauzwa Cleveland katikati ya msimu, na ndio haohao waliokuja kukutana na Golden State fainali. Kwa hiyo ndiyo, mfumo unaweza kuua timu. Nakubali. Lakini angalia tofauti. New York mfumo uliletwa, watu wakatafutwa wautoshe. Kerr aliwatazama watu kwanza: nina senta anayepasi, nina magadi wawili watupaji, nina wachezaji warefu wa pembeni wanaolinda. Akapima nguo kwa hao.

Wewe, kwa ulivyonieleza, uliwafundisha seti ngapi, yaani mipango ya mashambulizi, katika mwezi wa kwanza? Nilisikia "kumi na mbili" nikadhani simu inakatika.

Hata Kerr alikwama, usisahau. Walianza kwa kushinda tano mfululizo, halafu Phoenix wakawapiga, San Antonio wakawapiga nyumbani, wakawa 5-2. Mipira ilikuwa inapotea ovyo, kila mtu anataka pasi ya kupendeza, ya nyuma ya mgongo, ya mkono mmoja katikati ya watu watatu. Kerr akakazania pasi rahisi. Mwone mwenzako, mpe, nenda. Baada ya hapo wakashinda 16 mfululizo. Sikwambii ukikata seti zako zibaki tatu utashinda kumi na sita. Nakwambia zikate.

Na sasa lile linalokuuma kweli, najua ndilo, ingawa kwenye ujumbe umelizungukazunguka: kumweka benchi mtu mkubwa, kapteni wenu. Kidevu ndiye aliyenieleza, wewe umeficha. Iguodala aliingia ligi 2004 na hakuwa amewahi kuanzia benchi hata mechi moja ya msimu wa kawaida. Kerr akamwomba aanzie benchi ili Harrison Barnes, kijana, acheze na wakubwa apate kujiamini. Hakufurahi. Akakubali. David Lee alikuwa All-Star, mmoja wa nyota teule wa ligi, 2013, akaumia msuli wa paja kabla ya msimu, Draymond akashika nafasi na Lee hakurudishiwa tena. Mshahara wa milioni 15 za dola umekaa benchi unapiga makofi. Bila hao wawili kumeza, sijui kama hizo pasi 300 zingefika popote. Mimi naona hapo ndipo ulipokuwa ufundi wa Kerr, kuliko hata ubaoni.

Na malipo yalikuja. Fainali, Cleveland wanaongoza 2-1, LeBron anawaburuza. Kijana msaidizi, Nick U'Ren, akatoa wazo: mtoe Bogut, mwanzishe Iguodala, tucheze wafupi. Kerr akawaongopea waandishi kuhusu kikosi, mechi ya nne wakashinda 103-82, hawakupoteza tena. Iguodala akawa MVP wa fainali, ubingwa wa kwanza tangu 1975. Na Mark Jackson alikuwepo ukumbini, anatangaza mechi kwenye televisheni! Nilimwonea huruma usiku ule. Wengine kibandani walimcheka, sikupenda.

Sasa huyo kapteni wenu, uliongea naye uso kwa uso au alisoma jina lake kwenye kundi la WhatsApp? Kidevu anasema WhatsApp. Kama ni kweli, kaka, hapo hata Popovich angesusiwa. Nenda kwake nyumbani. Mnunulie soda, msalimie mama yake, mwambie unataka afanye nini akitoka benchi na dakika ngapi. Mtu mzima anaweza kukaa benchi akijua kwa nini anakaa.

Huku kwetu Upanga hakuna la ajabu. Ubao mmoja umepasuka, kila mtu anasema mwingine ndiye aliyening'inia. Vijana wa siku hizi wanatupa kutoka katikati ya uwanja kabla hawajajua kuweka leyapu ya kushoto, na ukiwakemea wanakutajia Curry. Mzee Rashidi kaongeza bei ya chai. Babu Ally alifanyiwa upasuaji wa jicho, anaendelea vizuri, ila anadai faulo zote alizowahi kuitiwa zilikuwa za uongo na sasa anaona.

Niambie: ligi ya mkoa inaanza lini hasa, na mna mechi ngapi kabla ya hapo? Uongozi wamekwambia lolote, au ni manung'uniko ya wachezaji tu? Jembe ana umri gani sasa? Unazo video za mechi mbili za mwisho, hata za simu, unitumie tuhesabu pasi pamoja? Yule mrefu anaweza kupokea mpira kwenye kiwiko akageuka bila kupoteza? Nani anaanza badala ya kapteni, na anajua kupasi? Na ukiwaachia hao watu timu, Jumamosi utafanya nini, utakaa na shemeji muangalie tamthilia?

Nina siku chache za likizo mwezi ujao, naweza kupanda basi nikaja nikakaa kwenye benchi lako, nishike daftari tu, sitafungua mdomo. Nijibu kabla sijakata tiketi, na mwambie shemeji aandae lile sufuria nirudi nalo.

Ndugu yako,
Kaka Mdogo wa Upanga