Safari ya nchi ya mnazi ipangwe kwa saa za mgema

Mhariri,

Likizo ya Agosti inapokaribia, vikundi vya matembezi hapa Nairobi huanza kuchanga pesa na kuulizana mahali pa kwenda. Katika kikundi chetu cha mtaa wa Umoja, wenzetu wawili walipendekeza Afrika Kusini, kwa kuwa tangu Januari 2023 Mkenya huingia huko bila viza kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka, na kwa kuwa mji wa Stellenbosch, usio mbali na bahari, una njia ya mashamba ya divai iliyoanzishwa mwaka 1971 na ambayo hadi leo huwavuta wageni kutoka pande zote za dunia. Sikuupinga uzuri wa mizabibu yao. Niliuliza tu ni kwa nini hatujawahi hata mara moja kupanga safari ya Kaloleni, Ribe na Rabai, kule Kilifi, Pwani, ambako tembo, yaani pombe ya utomvu wa mnazi, limegemwa tangu enzi za mababu, na ambako nauli yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya ndege.

Mimi ni mtoto wa mgema, na naomba nafasi katika ukurasa wako niwaeleze wanaopanga safari za namna hii jambo ambalo mara nyingi hulikosea. Nchi ya mnazi haina saa ya mgeni. Ina saa ya mgema, na asiyeijua atafika, atapiga picha, atarudi Nairobi bila kuona kitu.

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, na wengine hupanda mara tatu kwa siku. Huko juu hulishika karara changa, yaani ala ya maua ya mnazi, ambalo halijapasuka, alilolifunga kamba ili lisifumuke, akalikata nchani kipande chembamba kama ukucha, kisha akaliacha lidondoshe utomvu ndani ya kibuyu. Asipopanda kwa wakati wake, kidonda hukauka na utomvu hukatika, na kazi ya siku nyingi huharibika. Ndiyo maana baba yangu hakuwahi kulala matangani, wala harusini, mbali na minazi yake bila kumwachia ndugu yake kisu. Utomvu wenyewe huanza kuchachuka ungali kibuyuni, hivyo lile lililotoka punde ndilo tembo tamu, na kila saa inayopita huliongezea ukali, hata likilala siku mbili tatu huwa linaelekea kuwa siki. Mama alilitia lile tamu kwenye unga wa vitumbua badala ya hamira, na sijapata kula vitumbua vya namna ile tangu nihamie Nairobi.

Lipo pia jambo la hesabu ambalo mgeni halioni. Karara linalogemwa halizai nazi. Mwenye mnazi ameacha madafu, koroma na nazi za shada zima ili apate tembo, na anayeliteremsha amehatarisha maisha yake kwenye shina linaloweza kupita urefu wa mita 20, akikanyaga vipandio vilivyochongwa kwenye mti wenyewe. Ile methali ya mgema kusifiwa akatia tembo maji tumeisoma sote shuleni, lakini naona imewaonea watu hawa kwa muda mrefu. Niliowafahamu mimi waliona haya kuuza tembo lililoingiwa na maji ya mvua.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa likizo msafara mmoja kutoka Nairobi ulipofika kwa baba yangu mdogo. Ilikuwa saa 7 mchana, jua likiwa utosini, naye alikuwa amejilaza chini ya mwembe kama afanyavyo kila mgema saa hizo. Kiongozi wa msafara alimwamsha, akamtaka apande ili wageni wapate picha. Baba mdogo ni mtu mpole, akapanda. Alipoteremka, walimpa pesa zisizotosha kununua kilo mbili za unga, wakamwuliza kwa nini kibuyu hakikujaa, wakaondoka kuwahi chakula hotelini. Wale wageni hawakuwa watu wabaya. Waliopanga safari ndio waliowanyima saa mbili za asubuhi ambazo zingewaonyesha kila kitu.

Basi anayetaka kupanga vizuri na aanze na majira. Masika ya Pwani huanza Aprili na huzidi nguvu mwezi wa Mei. Wakati huo mashina huteleza, maji huingia vibuyuni, na njia za udongo za vilimani hazipitiki kwa urahisi. Agosti na Septemba, upepo wa kusi ukiwa bado unavuma na vuli haijaanza, hali ya hewa huwa ya kupendeza kwa mtu wa miguu. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, nchi huwa kavu lakini joto ni kali, na kikundi chenye wazee kitahitaji kupumzika muda mrefu zaidi.

Kuhusu usafiri, wengi hukata tikiti ya treni ya moja kwa moja hadi Mombasa, kisha hulazimika kurudi nyuma. Ile ya asubuhi inayosimama katika vituo vya njiani huteremsha abiria Mariakani, na kutoka hapo Kaloleni ni mwendo mfupi wa matatu. Tikiti zikatwe mapema, kwa kuwa wakati wa likizo za shule huisha. Walale Kaloleni kwenyewe, si ufukweni, ili saa 11 na nusu alfajiri wawe wameshavaa viatu. Watembee hadi saa 4, wapumzike, kisha waendelee saa 10 jioni. Wakifuata vilima kuelekea kusini watapita Jibana, Kambe na Ribe hadi Rabai, njia ambayo sishauri mtu aimalize kwa siku moja, maana huko watu husalimiana kwa kusimama, na mgeni anayepita mbio huonekana hana adabu. Rabai ipo nyumba ya makumbusho katika misheni ya Krapf na Rebmann, wamisionari wa Kijerumani ambao walikaa pale tangu mwaka 1846.

Katikati ya vilima hivyo ipo misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda. Baadhi yake iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini si bustani ya kupumzikia. Kaya Fungo ya Wagiriama ililipuliwa kwa baruti na serikali ya kikoloni mwaka 1914, baada ya upinzani uliochochewa na Mekatilili wa Menza, na wazee wake hawajasahau. Haingiwi bila ruhusa yao, na hakiokotwi humo hata kijiti. Kikundi ambacho hakina mwenyeji wa kukiombea ruhusa kingefaa kwenda Kaya Kinondo, Kwale, ambako wazee wamezoea kuwapokea wageni na kuwaongoza.

Malipo ya mgema yajadiliwe siku moja kabla, kwa heshima, naye aulizwe kama anataka kupigwa picha. Atakayekunywa anywe akiwa amekaa, kwa mboko, kile kibuyu kidogo cha kunywea, na mrija ikiwa wenyeji wamemkaribisha hivyo, na matembezi yawe yamekwisha. Tembo la jioni lina nguvu kuliko linavyoonekana, na njia za vilimani gizani si za mtu aliyelewa. Watoto wapewe madafu. Sheria inakataza kumwuzia kileo aliye chini ya miaka 18, na wazazi wasitafute kisingizio kwamba ni mila.

Ningeiomba pia serikali ya Kaunti ya Kilifi iwaandikishe wagema walio tayari kupokea wageni, ikubaliane nao malipo ya chini, na itangaze majina ya mashamba yao, ili msafara kutoka Nairobi ujue wa kumpigia simu kabla ya kupanda treni.

Kikundi chetu kimekwisha kukata shauri. Tutateremka Mariakani wiki ya pili ya Agosti, watu 14. Nilipompigia simu baba mdogo kumwarifu, aliniambia tuwe chini ya mnazi wa kwanza kabla ya saa 12 asubuhi, kwa kuwa hatatungoja.

Mtoto wa Mgema,
Umoja, Nairobi