Mbona askari wangu wapya hawafanani na wale wa zamani?

Swali hili hutufikia kila mara mteja anapofungua boksi mezani kwetu hapa Ngara, Nairobi, tunapopaka rangi sanamu ndogo za askari. Upande mmoja kuna askari wa risasi, ile metali nzito, aliowarithi kwa babu yake, wanang'aa. Upande wa pili kuna wale aliowaagiza mwaka huu. Kimo ni kilekile, milimita 54, lakini ukiwapanga rafu moja hawaelewani kabisa. Kisha ombi: "Fundi, nipakie rangi hawa wazee wafanane na vijana." Hapo huwa tunamwomba mteja aketi kwanza.

Wazee hao mara nyingi ni wa kampuni ya William Britain ya London. Mwaka 1893 kampuni hiyo ilianza kumimina risasi iliyoyeyuka ndani ya kalibu, kisha kuimwaga nje kabla haijaganda yote, likabaki ganda lenye uwazi ndani. Askari akawa mwepesi na wa bei nafuu. Rangi ilipakwa kwa mkono, tena upesi: koti jekundu lisilo na kivuli, uso wa waridi, nukta mbili za macho, masharubu kwa mguso mmoja wa brashi. Basi. Ilikuwa rangi ya enameli yenye kung'aa, nayo iliwafaa watoto waliokuwa wakiwachezea sakafuni. Askari wa risasi wa kampuni hiyo walikoma kutengenezwa mwaka 1966, na baada ya hapo soko likazidi kuwa la watu wazima wenye makabati ya vioo.

Mtu mzima huikaribia sanamu na kuitazama kwa makini. Sasa hapo ndipo shida ya mwanga inapoanza. Mtu wa kawaida amepunguzwa mara 32 hivi, ila taa ya sebuleni kwako haikupunguzwa naye. Mikunjo ya shati lake ni midogo mno kuweza kutupa kivuli kinachoonekana, kwa hiyo mpakaji wa rangi lazima akichore kivuli hicho mwenyewe. Miaka ya 1970 huko Marekani, watu kama Shepard Paine wa Chicago walikuwa wakifanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Baadaye rangi za akriliki, zinazozimuliwa kwa maji na kukauka haraka, zikarahisisha kupaka tabaka jembamba juu ya tabaka. Kampuni kama King & Country ya Hong Kong zikaleta sokoni askari waliokwisha kupakwa rangi isiyong'aa, wenye vivuli tayari.

Siku hizi mtindo unaotamba ni wa mwanga kutoka juu: mabega na ukingo wa kofia hung'arishwa sana, kidevu na makwapa hutiwa giza. Mitandaoni wengine huuona umezidi chumvi. Sisi twaupenda kwa askari wa huku kwetu, maana atembeaye Nairobi saa sita mwezi wa Machi, jua likiwa utosini, huona nyuso za watu zikiwa hivyo hivyo chini ya kofia.

Mwaka 2019 Games Workshop, kampuni ya Uingereza ya michezo ya vita ya mezani, ilitoa rangi za Contrast, ambazo hutiririka zenyewe kwenye mikunjo na kukolea humo, zikaacha wepesi palipoinuka. Kwa jeshi zima la mchezo wa mezani ni msaada mkubwa. Kwa sanamu moja ya kabatini hatuzipendekezi, zinaacha madoa.

Mabadiliko yaliyotugusa zaidi ni ya ngozi. Kampuni ya William Britain ilitoa hata askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na nyuso zao zilipakwa rangi moja tu nzito. Mitindo mipya inataka uso wenye uhai, lakini maelekezo mengi yaliandikwa kwa ajili ya ngozi ya Mzungu: ongeza nyeupe kidogo palipo na mwanga. Ukifanya hivyo kwa askari wa KAR, uso unapauka kama wa mtoto aliyetoka kuoga bila kupakwa mafuta. Sisi huanza na hudhurungi yenye wekundu, tukapandisha kwa manjano ya udongo au chungwa kidogo, na vivulini tukatia buluu au zambarau iliyozimuliwa. Mng'ao wa jasho kwenye paji la uso huja mwisho kabisa, kwa tone la vanishi. Na tafadhali tuambie ni vita vipi. Sanamu ya ukumbusho pale Kenyatta Avenue itakuonyesha mavazi ya Vita Kuu ya Kwanza, ila ni ya shaba nyeusi, haisemi lolote kuhusu rangi. Kwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ya nembo ya kichwa cha kifaru iliyopigana Burma mwaka 1944, tunahama kutoka kaki kwenda kijani cha msituni, na vumbi jekundu la Tsavo miguuni halina nafasi.

Turudi kwa wale wazee. Hatuwapaki upya. Wakusanyaji huthamini rangi ya kiwandani hata ikiwa imechubuka, na ukishaifunika thamani yake imekwenda. Tunachofanya ni kinyume: tunachukua sanamu mpya ambazo hazijapakwa, tunazipaka rangi bapa ya kung'aa kwa mtindo wa zamani, zikasimama na wenzao bila ugomvi. Au tunakushauri utenge rafu mbili, jambo ambalo halikugharimu hata shilingi.

Kama wazee wako wana unga mweupe, usiupulize wala usiupanguse kwa mkono mtupu. Ni risasi inayooza kwa sababu ya mvuke wa asidi unaotoka kwenye baadhi ya mbao na MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa), hasa kabati likifungwa bila hewa, na unga huo ni sumu. Wafunge kila mmoja peke yake kwa tishu, uwalete kwenye boksi la plastiki.

Ukija, njoo na picha ya mahali watakaposimama na aina ya taa iliyopo. Kazi ya akriliki huisha mapema. Ukitaka nyuso za rangi ya mafuta ya wasanii, zinahitaji siku kadhaa kukauka, kwa hiyo usilete Jumatano ukitarajia kuchukua Ijumaa.