Safari ya Mpwapwa: wanachuo wapya

Habari za jioni wadogo zangu. Mnaoanza kusomea ualimu wa shule ya msingi katika chuo cha ualimu Mpwapwa, tukutane stendi ya Nanenane, Dodoma, Jumatatu saa 12 asubuhi. Basi linapitia Mbande na Kongwa. Vyeti halisi vya kidato cha nne na cha kuzaliwa viwe mkononi, visiingie kwenye buti la basi. Tafadhali sana.

Jingine: anzeni kuokota visoda sasa hivi. Siku mtakapokwenda mazoezi ya kufundisha mkapewa darasa la kwanza, mtaona mtoto haelewi 7 kutoa 3 kwa kuambiwa tu. Mimi nilisimama na andalio la somo lililonyooka, mwandiko safi ubaoni, watoto wakanikodolea macho. Binti mmoja akaja mezani, akachukua visoda saba, akaficha vitatu mgongoni, akahesabu vilivyobaki kwa sauti. Darasa zima likataka zamu. Siku ile ndiyo nilipoipenda kazi hii.

Ambaye nauli haijatimia anitafute pembeni leo leo. Tutachangishana, habaki mtu nyumbani kwa sababu ya nauli.